Kwa nini usingizi hukataa kuja kwenye mabanda ya Mlima Kenya hata mtu akiwa hoi?

#1 Mchana_Njia (Kasarani)

Habari za jioni wadau.

Swali langu ni moja na kila ninayemuuliza ana jibu lake. Nimelala kwenye mabanda ya pamoja ya Mlima Kenya kwa miaka sasa, hasa njia ya Sirimon: Old Moses usiku wa kwanza, Shipton's usiku wa pili, kisha kilele cha Lenana alfajiri. Siku ya Shipton's mtu anafika amechoka kabisa. Magoti hayamtii, chakula anakilazimisha, saa moja usiku yuko ndani ya mfuko wa kulalia. Halafu basi. Macho makavu mpaka saa nane kiongozi anapopita na tochi akigonga vitanda vya dabodeka.

Wala si mimi peke yangu. Ukitulia gizani unawasikia wote wako macho. Huyu anageuka, yule anafungua zipu, mwingine anapapasa viatu aende nje. Chumba kizima hakilali na hakuna anayesema.

Mwezi ujao napeleka vijana wa kanisa letu. Wengi hawajawahi kulala nje ya Nairobi isipokuwa ushago kwa nyanya. Nayapenda sana yale mabanda, na sitaki warudi wakisema walikwenda kuteswa. Nataka niwaeleze ukweli kabla hatujaondoka. Ni hewa? Ni baridi? Ni vitanda? Na nyinyi mnaolala, mnalalaje?

#2 Kijana_wa_Githurai

Wakoromaji, kaka. Usitafute mbali. Kuta ni za mbao, vitanda ni vya mbao, na akianza mmoja kona ile chumba chote kinatetemeka. Halafu aliye juu akigeuka, fremu nzima inalia na aliye chini anaamka. Mimi huchagua kitanda cha chini, kona ya mbali na mlango, na naziba masikio. Hapo angalau nasinzia.

#3 Rongai_Kwetu

Wakoromaji hata Rongai wako na tunalala nao. Sababu ni oksijeni. Shipton's iko mita 3,800 na hewa ya huko ina oksijeni asilimia 12 badala ya 21. Mwili ukianza kulala unahofia kukosa hewa, unakuamsha. Hakuna kingine.

#4 Nesi_Kahawa

Rongai, uko karibu, ila turekebishe mawili. Shipton's iko mita 4,200. Na hewa ya mlimani ina oksijeni asilimia 21 ileile ya hapa Kahawa West. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa yenyewe, kwa hiyo kila pumzi inabeba hewa kidogo. Pale Shipton's unapata takriban asilimia 60 ya oksijeni ambayo ungeivuta ukiwa Mombasa ufuoni.

Sasa usingizi. Mwili unafidia kwa kupumua haraka, wenyewe, bila wewe kuuamuru. Ukipumua haraka unatoa nje hewa ukaa nyingi kuliko kawaida. Ubongo wa mtu aliyelala hutegemea hewa ukaa kujua sasa ni wakati wa kuvuta pumzi. Hewa ukaa ikiwa kidogo mno, amri haitoki. Pumzi inasimama sekunde kadhaa, wakati mwingine kumi au zaidi. Oksijeni inashuka, mwili unashtuka, unavuta pumzi tatu nne kubwa, hewa ukaa inatoka tena, na mambo yanaanza upya. Kila unapotaka kuzama kwenye usingizi mzito unavutwa juu.

Msikilize jirani yako usiku: pumzi kubwakubwa, kimya, pumzi kubwakubwa tena. Anayeisikia mara ya kwanza hudhani mwenzake amekata roho. Hali hiyo peke yake si ugonjwa, watu wenye afya njema kabisa huipata.

Vijana wako waambie hivi: hakuna kumeza dawa za usingizi, hakuna pombe. Vyote viwili hupunguza nguvu ya kupumua, na huko juu nguvu hiyo ndiyo akiba yako.

#5 Mchana_Njia

Asante nesi. Hiyo ya kimya halafu pumzi kubwa nimeisikia mara nyingi bila kujua ni nini.

Lakini kuna jambo linanisumbua. Wapagazi wako chumba cha pili, mita 4,200 zilezile, na wao wanalala fofofo. Kama ni hewa, mbona hewa yao inawaachia?

#6 Mpagazi_NaroMoru

Mchana Njia umeniita bila kunijua. Nimebeba mizigo njia ya Naro Moru na ya Sirimon, wacha nijibu.

Kwanza, sisi nyumbani ni mita 2,000 hivi, na juma kwa juma tuko juu, tunashuka, tunapanda. Nesi atasema mwili umezoea, na mimi sitambishia. Lakini mimi nawaangalia nyinyi wa Nairobi mnavyofanya na naona kitu kingine. Mnafika bandani saa tisa mchana. Mnavua viatu, mnaingia kwenye mfuko, mnalala mpaka saa kumi na mbili chakula kiive. Mnakula, mnarudi kitandani saa moja mkitaka usingizi mwingine. Utatoka wapi? Mtu ambaye nyumbani kwake Nairobi hulala saa tano usiku, ataulalaje usingizi wa saa moja?

Sisi wakati huo ndio tunaanza kujipikia. Tunaosha sufuria zenu, tunachota maji mtoni, tunapiga stori. Tukilala ni saa nne, na mwili umefanya kazi yake.

Na hiyo fofofo msiipambe sana. Kuna banda moja, sitalitaja, ambalo chumba cha wapagazi kilikuwa sakafu tupu na paa linadondosha maji, huku upande wa wageni kuna godoro kila kitanda. Tulilala tumebanana ili tupate joto. Kiongozi wa kikundi akija aingie na chumba chetu, aone. Wengi hawaingii.

#7 Mama_Kinoo

Mpagazi, hilo la mwisho ni kubwa kuliko usingizi wa wageni. Mchana Njia, ukifika na vijana wako, waonyeshe na chumba cha wapagazi. Nao wajue mizigo yao inabebwa na watu wanaolala wapi.

#8 Mchana_Njia

Nimelisikia mama. Nitalifanya.

#9 Mpwani_Baridini (South B, mwana wa Kisauni)

Jamani, mmeandika yote hayo na neno baridi limepita juujuu tu? Mie nasema ni baridi, na nasema kwa uchungu.

Tatizo la watu ni kuwa hujifunika juu na kusahau chini. Lile godoro la bandani ni jembamba na limevishwa ngozi ya plastiki. Ukililalia, uzito wako unabana mfuko wa kulalia mpaka ule upande wa chini hauna kitu, na ubao ulio chini una baridi ya barafu. Joto linanyonywa na mgongo usiku kucha. Halafu pumzi yako inagandia ukingo wa mfuko, pale karibu na mdomo, kitambaa kinalowa, na kila ukigeuka unakigusa kwa shavu.

Dawa yangu: mkeka wa povu juu ya godoro la banda, ndipo mfuko. Nguo zote ulizotembelea mchana zivuliwe, hata kama unaziona kavu, kwa sababu zina jasho. Soksi kavu za kulalia ambazo hazijawahi kuguswa na kiatu. Na chupa ya maji ya moto, iliyovikwa soksi, iwekwe mapajani. Si miguuni. Mapajani ndiko damu nyingi inakopita.

Tangu nianze hivyo nalala saa nne, tano mfululizo palepale Shipton's. Hewa haijabadilika, nesi wangu.

#10 Kijana_wa_Githurai

Mpwani, wewe mwezi wa saba hata South B hutoki bila koti mbili, tutakuaminije?

#11 Mpwani_Baridini

Koti mbili na bado nimefika Lenana. Wewe kaa kona yako uzibe masikio.

#12 Mwalimu_Umoja

Naongezea kwenye chupa ya Mpwani. Iwe ya chuma, na si kwa ajili ya joto tu. Chupa za plastiki za kutupwa haziruhusiwi kwenye hifadhi zetu tangu Juni 2020, mtazuiwa getini. Na maji yanayochemka pale Shipton's hayafiki nyuzi 100, yanachemka kwenye 86 hivi, kwa hiyo jazeni yakiwa bado yanatokota, yakikaa dakika chache yamepoa. Hiyo ndiyo sababu pia maharagwe hayaivi huko. Aliyebeba githeri mbichi atasubiri mpaka asubuhi.

Kuhusu usingizi mimi nina maoni tofauti na ya nesi, kwa heshima. Nimewahi kuongozana na wanafunzi wa sekondari mpaka Met Station, banda la njia ya Naro Moru, mita 3,050. Walipiga kelele mpaka usiku wa manane, wakanyamazishwa, wakalala wote. Walimu ndio tuliobaki macho. Hewa ileile, godoro lilelile. Nadhani mtu mzima huingia kitandani akiwa amebeba hesabu: nisipolala sitafika kileleni, zimebaki saa sita, sasa tano, sasa nne. Anayehesabu saa hivyo hatalala hata Umoja.

Kuna na utafiti wa Brown University, Marekani, wa mwaka 2016. Walipima ubongo wa watu waliolala mahali pageni wakakuta usiku wa kwanza upande mmoja wa ubongo haulali kwa kina, unabaki ukisikiliza. Usiku wa pili hali inatulia. Sasa sisi kila usiku tuko banda jipya. Kila usiku ni wa kwanza.

#13 Nesi_Kahawa

Mwalimu, utafiti huo naujua na ni mzuri, lakini wale walilala maabara, usawa wa chini. Hauondoi mambo ya hewa, unajiongeza juu yake. Na Met Station ni mita 3,050. Kati ya hapo na Shipton's kuna zaidi ya kilomita moja kwenda juu. Peleka wanafunzi walewale 4,200 tuone.

#14 Mama_Kinoo

Mwalimu, Met Station mlilala? Mimi pale niliwasikia perere usiku kucha. Kwa wasiowajua, ni wanyama wadogo wa mitini, ndugu zake pimbi. Anaanza mmoja, sauti inapanda polepole, utadhani mtu anapasua mbao kwa msumeno butu, mwisho inakuwa ukelele kamili. Akimaliza, wa bondeni anamjibu. Dada yangu alinishika mkono hakuniachia mpaka kulipokucha.

Ukipanda juu perere wanaisha, unakutana na panya. Wale wenye mistari mgongoni. Wanapita kwenye boriti na wananusa mfuko wa mkate hata ukiwa ndani ya begi. Chakula chote kining'inizwe kwa kamba mbali na ukuta. Usilale na biskuti mfukoni mwa koti, watakuja kuzifuata na wewe umo humo.

#15 Kijana_wa_Githurai

Mama, hapo kwa panya umenimaliza. Mimi nafikiri asilimia kubwa ya watu hawalali kwa sababu ya hilo na wanaona aibu kusema.

#16 Msafiri_Moshi

Wakuu, salamu kutoka upande wa pili wa mpaka. Naomba nichangie kwa mlima wetu.

Njia ya Marangu ndiyo yenye mabanda Kilimanjaro: Mandara mita 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720. Wageni wengi Mandara wanalala. Horombo usiku wa kwanza wanalalamika. Lakini wale waliolipia siku ya ziada, wanaoshinda Horombo wakapanda kidogo mchana na kurudi kulala palepale, usiku wa pili unawasikia wametulia. Banda ni lile, kitanda ni kile, mkoromaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni mwili kuzoea. Kwa hiyo mimi niko na nesi.

Kibo halali mtu, na hakuna anayetegemea kulala. Unafika alasiri, unakula, unajilaza, karibu na saa sita usiku unaamshwa. Hata maji hakuna pale, yanabebwa na wapagazi kutoka chini. Kwetu mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20, unapimwa kwenye mizani getini.

#17 Rongai_Kwetu

Karibu jirani. Lakini Horombo usiku wa pili mwalimu naye anaweza kusema ni utafiti wake: mahali si pageni tena. Umempa hoja yeye, si nesi.

#18 Mwalimu_Umoja

Ndivyo nilivyotaka kusema, Rongai umeniwahi.

#19 Msafiri_Moshi

Duh. Sawa, lakini bado wale wa njia nyingine wanaolala kwenye mahema yaleyale yao kila usiku, hema si geni, na wakifika juu usingizi unakatika vilevile. Nijibuni hilo.

#20 Mzee_wa_Chogoria

Nimesoma yote, vijana wangu, na nimefurahi kuona mnauliza.

Mimi nimezaliwa chini ya huo mlima. Wazee wetu waliuita Kirinyaga na waliposali walielekeza uso huko, kwa sababu ni makao ya Ngai. Hawakwenda kulala pale. Majina ya vilele mnayoyataja kila siku, Batian, Nelion, Lenana, ni ya malaibon, viongozi wa kiroho wa Kimaasai, watu waliosikilizwa. Si mahali pa kawaida. Mtu akifika pale na roho yake ikakataa kulala, mimi sioni kama kuna kasoro ya kurekebisha. Amewekwa macho.

Sisemi msiende. Nendeni. Ila yule kijana atakayekaa macho usiku mzima, msimwambie ameshindwa kulala. Mwambieni atoke nje kidogo, ajifunike vizuri, atazame.

Na kwa njia yetu: anayetoka Nairobi asikimbie juu siku hiyohiyo. Karibu na geti la Chogoria kuna bandas za kukodi, usawa wa mita 3,000 hivi, ndani ya msitu wa mianzi na miti mikubwa. Kaeni pale siku mbili. Nyati watakuja kula nyasi mbele ya mlango, msitoke bila kumulika.

#21 Nesi_Kahawa

Asante sana mzee. Sina la kubisha hapo.

Mzee amenikumbusha hilo la kutoka nje. Wengi wanaamka kukojoa, mara tatu au nne kwa usiku. Ni mwili unavyojizoeza: ukiwa juu, figo hutoa maji zaidi, na baridi nayo inaongeza. Watu huacha kunywa maji jioni ili wasitoke. Wasifanye hivyo, wataamka na kichwa kinagonga. Wanywe zaidi mchana, wapunguze kidogo baada ya saa kumi na mbili. Chai kali ya usiku iachwe.

Kuna dawa ya acetazolamide ambayo hupunguza ile hali ya pumzi kusimama. Inafanya kazi, ila nayo inaongeza mkojo, na wenye mzio wa dawa za salfa waulize daktari kwanza. Isigawanywe kwa vijana hivihivi.

Kiongozi wa kikundi ajue kutofautisha. Kukosa usingizi ni kawaida. Kuumwa kichwa kidogo ni kawaida. Lakini anayepepesuka akitembea, anayeongea bila mpango, anayekohoa povu au kukosa pumzi akiwa amekaa tu, huyo ashushwe wakati huohuo, hata ikiwa ni saa saba usiku. Hakuna kungoja asubuhi.

#22 Fundi_Kariobangi

Naingia kwa sababu moja tu na naomba mnisome hata kama mtaruka mengine.

Mpwani ameongea baridi. Baridi hiyo ndiyo humfanya mtu aingize jiko ndani. Kuna safari moja tulikuwa banda dogo, si la njia kuu, upepo umetushinda. Mwenzetu akaleta jiko la makaa kutoka kwa wapishi, akaliweka katikati ya vitanda, tukafunga mlango na dirisha. Raha ikaja. Usingizi ukaja pia, mzuri kuliko wote mnaouzungumzia hapa. Mmoja wetu akaamka kutapika, akashindwa kusimama, akaanguka mlangoni na kuufungua kwa mwili wake. Ndiye aliyetuokoa. Tulitoka tukitambaa.

Gesi ya makaa haina harufu wala rangi, inachukua nafasi ya oksijeni kwenye damu, na huko juu oksijeni yenyewe ni haba. Jiko la gesi nalo likiwaka ndani kumefungwa ni yaleyale. Mchana Njia, vijana wakilia baridi, wavalishe, wabananishe. Jiko libaki jikoni.

#23 Mchana_Njia

Fundi, namshukuru Mungu uko hapa kutuambia. Hili nitalisema kwenye mkutano wa wazazi kabla ya lingine lolote.

#24 Mwalimu_Umoja

Mungu ni mwema, Fundi. Hata hapa mjini kila msimu wa baridi tunasikia familia zilizolala na jiko. Ni lilelile.

#25 Rongai_Kwetu

Nikibadilisha kidogo: kuna aliyelala Austrian Hut? Ile iko mita 4,790, juu zaidi hata ya banda la Kibo. Nasikia ilijengwa na wakoloni.

#26 Mzee_wa_Chogoria

Hapana, hiyo ni baada ya uhuru. Mwaka 1970, Septemba, daktari kijana wa Austria, Gerd Judmaier, alianguka karibu na kilele cha Batian akavunjika mguu vibaya. Mwenzake, Oswald Oelz, alishuka kuomba msaada akarudi kumtunza. Wapandaji wa Mountain Club of Kenya walihangaika kumfikia, na timu nyingine ikaja kutoka Innsbruck, kwao Austria. Rubani wa helikopta iliyokuja kusaidia alianguka nayo akafariki. Judmaier alishushwa hai baada ya zaidi ya wiki moja mlimani. Banda lile ni shukrani ya Waaustria.

#27 Kijana_wa_Githurai

Sikujua kabisa. Kumbe tunalalia shukrani ya mtu.

#28 Mpagazi_NaroMoru

Na mwaka huohuo, 1970, kuna kabanda kingine kiliwekwa juu kabisa ya Nelion, mita 5,188. Howell Hut. Ian Howell alibeba vipande vyake mwenyewe, alipanda peke yake mara 13 mpaka vikatimia. Ni boksi la bati jepesi, ndani unatambaa. Huko wanalala wapanda miamba tu.

Rongai, Austrian Hut nimelala. Ukitoka asubuhi Lenana iko hapo, lakini usiku ni mrefu. Zamani ulikuwa unatoka mlangoni na barafu ya Lewis iko mbele yako pana. Sasa imebaki kidogo sana. Wageni wanauliza iko wapi, tunawaonyesha kwa kidole.

#29 Mama_Kinoo

Hilo la Lewis linahitaji uzi wake. Mpagazi ufungue, tafadhali, wewe umeliona kwa macho.

#30 Dereva_Eastleigh

Nimechelewa. Nataka kuvuruga hoja ya hewa. Mimi nililala Udo's Bandas, msitu wa Kakamega, hata Nairobi iko juu kuliko pale. Banda la nyasi, kitanda kizuri, neti, hakuna baridi, hakuna panya niliyemwona. Sikupata lepe la usingizi. Watu watatu nisiowafahamu vizuri wako chumba kimoja nami, kila mmoja na kikohozi chake. Nikirudi Eastleigh na honi zote zile nalala dakika mbili. Mimi nasema ni kulala na wageni.

#31 Kijana_wa_Githurai

Dereva ndiye wa kwanza kuniunga mkono. Wakoromaji!

#32 Nesi_Kahawa

Hakusema wamekoroma, alisema wamekohoa. Na aliyekosa usingizi ni yeye peke yake, sisi tunaongea chumba kizima.

#33 Mpwani_Baridini

Na mie bado nangoja mtu aniambie kwa nini mkeka wa povu ulinipa usingizi kama si baridi.

#34 Msafiri_Moshi

Mpwani, ulikuwa umeshapanda mara ngapi kabla ya kuununua huo mkeka? Huenda mwili ulishazoea, mkeka ukapewa sifa.

#35 Mpwani_Baridini

Mwili wa Kisauni hauzoei baridi, ndugu yangu. Jaribu wewe kulala bila mkeka ndipo tuongee.

#36 Mchana_Njia

Wadau, nimechukua ya kila mmoja. Mpango niliokuwa nao ni Old Moses usiku mmoja, mita 3,300, kisha Shipton's. Nafikiria tukae Old Moses siku mbili, mchana wa pili tutembee kwenda juu mpaka kama saa sita, turudi kulala. Mpagazi, hiyo inafaa? Na vijana wasilale mchana, hilo nimelishika. Watasaidia kuchota maji.

#37 Mpagazi_NaroMoru

Inafaa sana. Wengi wanaikataa kwa sababu ya gharama ya siku moja zaidi, kisha wanalipa kwa kurudisha watu chini. Mkipanda siku hiyo msikimbie, mtembee mkiongea. Asiyeweza kuongea anaenda kasi mno. Shipton's ombeni kiongozi awaamshe saa tisa badala ya saa nane kama kikundi kina miguu mizuri. Jua pale linatoka karibu na saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, hakuna haja ya kufika kileleni gizani mkaganda mkilisubiri.

#38 Rongai_Kwetu

Na malipo ya geti fanyeni mapema kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo ya serikali, mkiwa bado mjini. Kule mtandao unakuja na kuondoka, na foleni ya vijana thelathini wakitafuta netiwaki getini inakula asubuhi yote.

#39 Mchana_Njia

Asante Rongai. Swali la mwisho kwa leo: mikeka ya povu. Tunayo michache na bei ya kununua yote imetushinda. Kuna anayekodisha au kuazima Nairobi?

#40 Mama_Kinoo

Ninayo minne nyumbani, ya watoto wangu, hawaitumii. Njoo Jumamosi kabla ya saa sita, nikitoka hapo naenda harusini. Nitakutumia ujumbe wa faragha nikueleze njia.

#41 Fundi_Kariobangi

Mimi ninao mmoja na taa mbili za kichwani. Mchana Njia, uliza pia pale klabu ya wapanda mlima, uwanja wa ndege wa Wilson, huenda kuna mwanachama wa kuwaazima.

#42 Kijana_wa_Githurai

Na vya kuziba masikio vya kikundi kizima nitavileta mimi. Hapo sitabadilisha msimamo.